Mlezi wa Mwalimu wa Hisabati: Maswali Yanayoulizwa Zaidi kuhusu MEWAKA

Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, ambayo sasa kila mtu anayaita MEWAKA, yameenea katika shule za Tanzania, na maswali yameenea nayo. Wazazi wanauliza kwa nini mwalimu aliyehitimu chuo anaendelea kufundishwa. Walimu, hasa wa Hisabati, wanauliza kama huyu anayekuja kuketi nyuma ya darasa lao amekuja kusaidia au kuandika ripoti. Haya hapa ni majibu ya maswali yanayojirudia. Penye maoni ya mwandishi, msomaji atayaona yakisemwa waziwazi.

Mwalimu ana cheti tayari. Anafundishwa nini tena?

Cheti kinathibitisha kwamba mtu yuko tayari kuanza kazi. Akiwa chuoni, mwalimu mtarajiwa husimama mbele ya darasa halisi kwa wiki chache tu za mazoezi ya kufundisha (BTP), na mkufunzi hupita mara mbili tatu akiwa na karatasi ya alama. Baadaye anapangiwa shule na kukabidhiwa vipindi, na tangu siku hiyo hakuna tena anayeingia kumwona. Mtu anaweza kufundisha Hisabati hadi akastaafu bila mwenzake wa somo kumwona akifundisha kipindi kizima. Fundi cherehani au muuguzi hafanyi kazi kwa upweke wa namna hiyo.

Na mambo hayasimami. Mwaka 2015 madarasa ya I na II yaliingia kwenye mtaala wa Kusoma, Kuandika na Kuhesabu. Mwaka 2023 Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 ilitolewa upya, na mitaala mipya ikaanza kutumika kwa awamu kuanzia 2024. Aliyesoma chuo kabla ya hapo ana vitabu vipya mezani na mazoea ya zamani kichwani.

MEWAKA ina mfumo wa kitaifa uliotolewa mwaka 2020. Taasisi ya Elimu Tanzania huandaa moduli, nyingine za kusomwa mtandaoni. Shuleni, walimu hukutana katika Jumuiya za Ujifunzaji, na juu yao kuna vikao vya kata na Vituo vya Walimu. Afisa Elimu Kata na mwalimu mkuu ndio wanaotakiwa kuhakikisha vikao vinafanyika. Kwa shule za msingi, mradi wa BOOST, unaotegemea mkopo wa dola milioni 500 za Marekani kutoka Benki ya Dunia, umebeba sehemu ya gharama, na katika mikoa 9 kuna pia Shule Bora, unaofadhiliwa na Uingereza.

Kwa nini Hisabati izungumzwe peke yake?

Kwanza, matokeo. Katika mtihani wa kidato cha nne wa 2021, na tena wa 2022, waliofaulu Hisabati walikuwa kama mmoja kati ya kila watahiniwa watano. Masomo mengine hayajafikia hali hiyo kwa miaka mingi mfululizo kama Hisabati.

Pili, na hili ndilo kubwa zaidi, kufundisha Hisabati kunadai ujuzi ambao hata mtu anayeijua sana Hisabati anaweza kuukosa. Mwaka 1986 Lee Shulman, mtaalamu wa elimu wa Marekani, aliandika kwamba kujua somo na kujua kulifundisha ni vitu viwili, na kwamba kati yake upo ujuzi wa tatu usiotambuliwa. Deborah Ball wa Chuo Kikuu cha Michigan akaupeleka mjadala huo moja kwa moja kwenye Hisabati. Mhasibu anahitaji kupata jibu sahihi, basi. Mwalimu anahitaji pia kulitazama jibu lisilo sahihi na kujua lilikotoka.

Chukua 46 × 23. Mwanafunzi ameandika 230. Mwalimu wa kawaida anachora mkasi mwekundu na kuendelea na daftari linalofuata. Mwalimu mwenye ujuzi huo wa tatu anaona kwamba mtoto amezidisha 46 kwa 3 akapata 138, akazidisha 46 kwa 2 akapata 92, akajumlisha. Jedwali la kuzidisha analijua vizuri kabisa. Asichokijua ni kwamba ile 2 ni makumi mawili, na kwamba 92 ilipaswa kuwa 920 ili jumla iwe 1,058. Kumwambia mtoto huyu akakariri jedwali ni kumpa dawa ya ugonjwa asiokuwa nao.

Au 403 kutoa 157. Jibu ni 246. Katika darasa moja utakuta waliopata 354 na waliopata 256. Wa 354 amekuwa akitoa ndogo kwenye kubwa popote ilipo: 7 kutoa 3, 5 kutoa 0, 4 kutoa 1. Wa 256 anajua kukopa, ila alipokuta sifuri kwenye makumi aliiruka, akakopa kutoka mamia moja kwa moja hadi mamoja na kuiacha sifuri palepale. Akageuza hesabu ya makumi ikawa 5 kutoa 0. Hao ni watoto wawili wenye matatizo mawili tofauti, na kwenye fomu ya matokeo wote wameandikwa "amekosa".

Mifano ya namna hii haiishi. Mtoto anasema 0.35 ni kubwa kuliko 0.4 kwa kuwa 35 ni kubwa kuliko 4. Anajumlisha nusu na theluthi anapata mbili ya tano, kwa sababu amejumlisha juu kwa juu na chini kwa chini. Ukimwandikia 8 + 4 = ☐ + 5 anajaza 12, kwa sababu tangu darasa la kwanza alama ya "sawa na" imekuwa ikimwambia "andika jibu hapa". Kila kosa lina akili ndani yake. Mafunzo ya mwalimu wa Hisabati yasiyogusa makosa haya, kwa maoni ya mwandishi, hata yakiwa na moduli nzuri na vyeti vya kuhudhuria, hayajafika yanakotakiwa kufika.

Semina za mjini hazitoshi?

Semina zina kazi yake. Mtaala mpya ukitoka, walimu lazima wauone na kuusikia. Tatizo ni kile kinachotokea mwalimu anaporudi shuleni.

Kenya ina uzoefu mrefu katika hili. Mwaka 1998 serikali yake na shirika la Japani, JICA, walianzisha mradi wa SMASSE wa kuimarisha Hisabati na Sayansi katika sekondari, kwanza katika wilaya 9, na tangu 2003 nchi nzima. Kutoka hapo kikazaliwa CEMASTEA, kituo kilichoko Karen, Nairobi, ambacho bado kinafundisha walimu. SMASSE ulitumia ngazi: wakufunzi wa taifa waliwafundisha wa wilaya, wa wilaya wakawafundisha walimu. Njia hiyo huwafikia wengi kwa gharama ndogo. Udhaifu wake ni kwamba kila ngazi hupunguza kitu, na ngazi ya mwisho, ile ya mwalimu na wanafunzi wake 70, haina mtu wa kumsaidia pale jambo linapokataa. SMASSE wenyewe walisisitiza mzunguko wa kupanga, kufanya, kutazama na kuboresha. Lakini kutazama na kuboresha hufanyika darasani, na darasa haliwezi kuhamishiwa kwenye ukumbi wa semina.

Tangu miaka ya mwanzo ya 1980, Bruce Joyce na Beverly Showers walikuwa wakieleza huko Marekani kwamba walimu wengi huelewa mbinu mpya semina inapoendelea, lakini wachache huitumia darasani wasipopata mtu wa kuwaongoza pale pale. Afrika Kusini ilipima jambo hilo katika jimbo la North West. Kundi moja la walimu lilipewa mafunzo ya pamoja ya siku chache. Lingine lilipata mipango ileile ya masomo na vitabu vilevile, ila likatembelewa darasani na waelekezi. Baada ya miaka miwili, maendeleo ya wanafunzi wa kundi lililotembelewa yalikuwa kama mara mbili ya lile la semina. Utafiti huo ulihusu kusoma Kitswana, haukuhusu Hisabati, kwa hiyo usichukuliwe kama ushahidi wa moja kwa moja. Unachoonyesha ni tofauti ya mahali ambapo mwalimu anasaidiwa.

Mlezi wa kitaaluma anafanya nini hasa?

Mlezi anaweza kuwa mwalimu mahiri wa shule hiyohiyo, mkuu wa idara, mwalimu wa shule jirani au mwezeshaji wa kata. Cheo chake si muhimu sana. Muhimu ni kwamba anajua Hisabati ya ngazi inayofundishwa na amewahi kuifundisha. Afisa mwenye shahada ya Historia anaweza kuwa kiongozi bora wa elimu katika kata, lakini akikaa nyuma ya kipindi cha sehemu ataona tu kama ubao umepangwa na kama watoto wametulia.

Kazi yenyewe ina sehemu tatu, na ile inayorukwa mara nyingi zaidi ni ya kwanza: mazungumzo kabla ya kipindi. Hayahitaji zaidi ya dakika 15. Mlezi anauliza: "Mwalimu, hapa kwenye 403 kutoa 157, unadhani watoto watakosea wapi?" Swali hilo moja huzaa mengi. Mwalimu akijibu "hawatakosea, nimeshawafundisha", wameanza na kazi. Akijibu "watahangaika na sifuri", wanaweza kukubaliana kwamba leo vitatumika vijiti vilivyofungwa mafungu ya kumi, na mafungu kumi kufungwa pamoja kuwa mia, ili mtoto aone kwa macho kwamba mia lazima ifunguliwe kuwa makumi kabla ya kumi moja kufunguliwa kuwa mamoja.

Wakati wa kipindi, mlezi hamtazami mwalimu sana. Anatazama madaftari. Anapita taratibu kati ya madawati, anaandika nani amepata 354, nani 256, nani 246 kwa njia ambayo haikufundishwa. (Wa mwisho huyu mara nyingi hukemewa, na mara nyingi ndiye aliyeelewa vizuri kuliko wote.) Hamkatizi mwalimu mbele ya wanafunzi wake, hata mwalimu akiteleza, isipokuwa wamekubaliana mapema.

Baada ya kipindi wanakaa na yale maandishi. Hapa mlezi asiyejua kazi huanza: "Kipindi kizuri, ila sauti ipandishe." Mlezi anayejua huweka madaftari matatu mezani na kunyamaza hadi mwalimu aanze kusoma. Kisha wanachagua jambo moja tu la kufanya tofauti wiki ijayo. Mwalimu anayepewa mambo tisa ya kurekebisha hatarekebisha hata moja, na mlezi atakayerudi baada ya miezi minne atakuta kila kitu kama alivyokiacha. Ziara ya mara kwa mara yenye jambo dogo ina faida kuliko ziara ya mwaka yenye mengi.

Huu si ukaguzi kwa jina jingine?

Hofu hii ina msingi, kwa kuwa walimu wengi wamezoea kuona mgeni darasani akija na fomu. Kitengo cha ukaguzi kilibadilishwa kuwa Uthibiti Ubora wa Shule, na lengo lilikuwa kuwasogeza wakaguzi kwenye kusaidia. Hata hivyo kuthibiti ubora bado ni kupima, na kupima kunahitajika. Kasoro huanza kazi hizo mbili zikifanywa na mtu mmoja siku moja. Mwalimu hatamwonyesha udhaifu wake mtu anayemjazia fomu inayokwenda halmashauri, na akiuficha hakuna cha kulea.

Njia nyepesi ya kutofautisha ni kuuliza daftari la mlezi linakwenda wapi. Likibaki kwa mwalimu, huo ni ulezi. Likienda ofisini likiwa na jina la mwalimu na alama, huo ni ukaguzi, na mwalimu ana haki ya kuambiwa hivyo kabla ya kipindi kuanza.

Tunasikia walimu wa Japani hufundishana. Wanafanyaje?

Wanaandaa somo moja pamoja kwa muda mrefu, mmoja wao analifundisha, wengine wanasimama pembeni ya darasa wakiwatazama wanafunzi, kisha wote wanalijadili. Utaratibu huu una mizizi tangu karne ya 19. Nje ya Japani ulifahamika sana baada ya James Stigler na James Hiebert kuueleza katika kitabu chao cha 1999 kuhusu ufundishaji wa Hisabati katika Japani, Ujerumani na Marekani. SMASSE waliuleta Afrika Mashariki, na Jumuiya za Ujifunzaji zinaweza kuutumia bila shilingi ya ziada.

Kuna mambo mawili yanayofaa kuigwa. Kwanza, wanaojadiliwa ni somo na wanafunzi. Somo limeandaliwa na wote, hivyo likishindwa limeshindwa la wote. Pili, ubao. Mwalimu wa Japani huupanga ubao mapema na kwa kawaida hafuti kitu hadi kipindi kiishe, ili swali la mwanzo, njia mbalimbali za wanafunzi na hitimisho vionekane pamoja. Huku kwetu mfutio uko mkononi muda wote, na mtoto aliyechelewa kunakili hawezi tena kuona mstari wa tatu ulitoka wapi.

Na suala la lugha?

Katika shule za msingi za serikali Tanzania, Hisabati hufundishwa kwa Kiswahili. Kidato cha kwanza inageuka kuwa Kiingereza. Mtoto aliyejua kutafuta Kigawe Kidogo cha Shirika (KDS), aliyezoea kusema kiasi na asili, mzingo na eneo, anakutana na mambo yaleyale yakiwa na majina mapya, na mwalimu wake wa sekondari mara nyingi hajui mtoto aliyaitaje mwaka uliopita. Hivyo baadhi ya wanaoandikwa kuwa hawajui sehemu wanazijua kabisa, hawajui zinaitwaje.

Vikao vya MEWAKA kwa kawaida huwatenganisha walimu wa msingi na wa sekondari. Kwa Hisabati hilo ni kosa. Kikao kimoja kwa muhula kati ya walimu wa darasa la VII na wa kidato cha kwanza katika kata moja, wakiwa na madaftari ya watoto wale wale mezani, kingeokoa miezi ya kufundisha upya kitu ambacho hakikupotea. Katika shule zilizo barabara moja, gharama yake ni nauli ya bodaboda.

Nani analipa, na muda unatoka wapi?

Tanzania, mzigo mkubwa uko kwa serikali na washirika wake, na mwalimu hatakiwi kulipia kikao cha shuleni kwake. Kenya iligusa jambo hili kwa njia tofauti mwaka 2021, Tume ya Utumishi wa Walimu ilipozindua moduli za lazima ambazo mwalimu angezilipia mwenyewe kila mwaka. Malalamiko yalikuwa makubwa, na yalieleweka.

Posho ni swali gumu zaidi. Semina za zamani ziliwazoesha watu kuhesabu mafunzo kwa siku zenye posho, na kikao cha alasiri shuleni hakina posho. Hapo ndipo vikao vingi hufia. Katika programu ya Tusome ya Kenya, iliyohusu kusoma, maafisa walirudishiwa nauli kulingana na ziara za darasani zilizothibitishwa kwa tableti, na ziara zikawa za kweli. Mradi wa PRIEDE ukaipeleka njia hiyo kwenye Hisabati ya madarasa ya mwanzo. Anayesafiri kwenda kulea walimu arudishiwe nauli. Anayekaa na mwenzake chumba cha pili apunguziwe kipindi kwenye ratiba. Mwalimu mwenye vipindi 30 kwa wiki hana muda wa kumtazama mwenzake, na kumwambia ajitahidi hakumwongezei dakika hata moja.

Mzazi au mjumbe wa kamati ya shule aulize nini?

Usiulize walimu wangapi wamehudhuria. Takwimu hiyo hupatikana kila mara na haisemi kitu. Muulize mwalimu mkuu: muhula huu mwalimu wa Hisabati ametembelewa darasani mara ngapi na mtu anayejua Hisabati? Katika kikao cha mwisho, walimu walijadili mada gani ya Hisabati hasa? "Mbinu shirikishi" si mada. "Kugawanya kwa desimali, darasa la VI" ni mada. Pia lifungue daftari la mwanao. Ukikuta mikasi mitupu ukurasa baada ya ukurasa, bila hata mstari unaoonyesha kosa lilianzia wapi, una swali halali la kwenda nalo shuleni. Nenda nalo kwa heshima: mwalimu mwenye madaftari 90 ya kusahihisha kila siku anahitaji msaada kabla ya lawama.

Mimi ndiye mwalimu pekee wa Hisabati shuleni. Nitalelewa na nani?

Hali hii ni ya kawaida, hasa sekondari za kata. Anza na Afisa Elimu Kata, aulizie mwalimu mwenzako wa shule jirani, mpangiane siku moja kwa mwezi ya kutembeleana. Ratiba ikipangwa mwanzoni mwa muhula, walimu wakuu wengi hukubali. Chama cha Hisabati Tanzania, CHAHITA, huwakutanisha walimu wa somo hili, na huko utapata watu wa kuendelea kuwasiliana nao. Siku zilizobaki, tumieni simu. Kundi dogo la WhatsApp la walimu watano wa mada zilezile lina manufaa kuliko kundi la watu 200 linalojaa matangazo na pole za misiba. Kila Ijumaa mmoja atume daftari moja lenye kosa ambalo hakulielewa, wengine wajaribu kusoma mtoto alikuwa akifikiri nini. Picha ionyeshe hatua zote za mwanafunzi, si jibu la mwisho peke yake, na jina lake lifunikwe kabla ya kutumwa.